Ugali, maharage na viazi kwa Kilatini: neno lililopo ndilo linaloponza

Anayejifunza Kilatini hufika mahali akatamani kukizungumza, na mara nyingi jambo la kwanza analotaka kulisema ni la mezani. Vita vya Caesar huko Gallia anaweza kuvisimulia, hotuba ya Cicero dhidi ya Catilina ameikariri, lakini akitaka kuomba sahani ya wali kwa maharage anakwama. Msidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Kilatini bado kina wasemaji waliojifunza: makasisi waliokipata seminari, walimu, na wanafunzi wanaokutana wakati wa likizo kukizungumza kutwa nzima. Redio ya taifa ya Ufini ilisoma habari kwa Kilatini tangu 1989 hadi 2019. Watu hawa nao hula, na wakila huongea.

Vyakula vingine havina tabu yoyote. Mkate ni panis, yai ovum, maziwa lac, asali mel, chumvi sal, siki acetum, jibini caseus, samaki piscis, kitunguu caepa na kitunguu saumu allium. Mrumi wa kawaida aliyatamka haya kila siku na maana haijasogea. Horatius, mshairi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alipotaka kusema "toka mwanzo wa karamu hadi mwisho" aliandika ab ovo usque ad mala, kuanzia yai hadi matunda, kwa sababu ndivyo karamu zao zilivyopangwa. Hata siagi ina jina, butyrum, ingawa Plinius Mkubwa, yule mwandishi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, anaitaja kama chakula cha fahari cha mataifa ya kishenzi. Yeye na wenzake walipikia mafuta ya zeituni.

Ukitoka hapo, wengi hudhani ugumu utaanzia kwenye vyakula ambavyo Warumi hawakuwahi kuviona: chokoleti, kahawa, pitsa. Kumbe hivyo vina nafuu. Chakula kisicho na jina unakitafutia jina, wenzako wakilikubali mambo yamekwisha. Chakula kinachoumiza kichwa ni kile ambacho ukifungua kamusi unakuta neno liko pale, safi, lina ushahidi wa waandishi wa kale, unalichukua kwa furaha, na kumbe kwenye chungu cha Mrumi lilikuwa kitu kingine kabisa.

Chukua maharage. Kamusi itakupa phaselus au phaseolus. Vergilius analo katika shairi lake la kilimo, tena anaiita mbegu hiyo ya bei poa. Columella, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1, analo pia. Kwa hiyo kazi imekwisha? Haijakwisha, maana maharage haya tunayoyajua, yale mekundu, ya njano na ya madoa, asili yake ni Amerika, na hakuna aliyeyaona upande huu wa bahari kabla ya safari za Columbus. Alichokuwa anapanda Columella ni kitu kingine, na wataalamu wengi wa mimea ya kale wanaona kwamba zilikuwa kunde. Kunde ni za Afrika; huku ndiko zilikofugwa kwa mara ya kwanza kutoka porini.

Kilichotokea ni kwamba maharage ya Amerika yalipofika Ulaya katika karne ya 16 yalifanana na kunde, yakapewa jina la kunde. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, Mswidi aliyeipanga mimea ya dunia kwa majina ya Kilatini ya maneno mawili mawili, akaligongea muhuri: maharage yakawa Phaseolus vulgaris. Kunde zikabaki bila jina lao. Mwaka 1824 Mwitalia mmoja, Gaetano Savi, akaunda jenasi mpya kwa heshima ya Domenico Vigna, mtaalamu wa mimea wa Pisa wa karne ya 17, na leo kunde ni Vigna unguiculata. Mgeni kapewa jina la mwenyeji, mwenyeji kapewa jina la profesa.

Sasa msemaji wa leo afanyeje? Mimi huona njia rahisi ni kutumia maumbo yote mawili ya neno: kunde nazirudishia umbo la kale, phaselus, na maharage nayaachia phaseolus. Hakuna kamusi iliyoagiza hivyo. Lakini mtu aliyezaliwa katika nyumba yenye kunde na maharage hawezi kukubali neno moja livibebe vyote viwili, hasa kwa kuwa neno lenyewe lilianza na kunde.

Mahindi yana mkasa wa aina hiyo hiyo, ila wenyewe una matabaka zaidi. Jina la kisayansi ni Zea mays. Neno zea ni la kale. Plinius analitumia kwa nafaka ya jamii ya ngano ya zamani, ile yenye maganda magumu. Mrumi ukimwambia unakula zea ataelewa, na ataelewa vibaya. Mwaka 1542 daktari Mjerumani Leonhart Fuchs alichora mmea wa mahindi katika kitabu chake kikubwa cha mimea na kuuita Turcicum frumentum, nafaka ya Kituruki, akiamini umetoka huko mashariki. Wengine wakaiita frumentum Indicum, na hiyo "Indi" yao unaweza kuisoma kama Bara Hindi au kama visiwa vya Columbus, upendavyo. Sisi tusicheke sana: na sisi tunayaita mahindi. Kila taifa lililopokea nafaka hii lilimsingizia jirani wa upande ulikotokea.

Yupo pia anayependekeza milium Indicum, yaani ulezi au uwele wa India. Hilo nalo limeshakaliwa. Plinius anaeleza kwamba miaka kumi hivi kabla ya yeye kuandika, uliletwa Italia kutoka India mmea kama mtama, mrefu, wenye punje nyeusi. Wengi wanausoma kuwa ni mtama wenyewe. Kwa hiyo usafi unaachwa kando na watu wanachukua neno la wenyeji wa visiwa vya Karibi, lile lile lililozaa mays ya Linnaeus, wanalivika mwisho wa Kilatini: maizium kwa wengine, maiza kwa wengine. Naliunga mkono. Ni neno ambalo halijawahi kuwa la nafaka nyingine.

Ukishapata unga, unataka ugali, na hapa Kilatini kinafurahisha kweli. Warumi walikuwa na puls, uji mzito wa nafaka, na Plinius anasema wazi kwamba kwa muda mrefu Warumi waliishi kwa puls, si kwa mkate. Plautus, mwandishi wa michezo ya kuchekesha, alijiita katika utangulizi wa mchezo wake mmoja Pultiphagonides, kama vile mtu wa ukoo wa wala-uji. Halafu kuna polenta. Leo Mwitalia akisema polenta anamaanisha ugali wa mahindi, hakuna cha kueleza zaidi. Lakini polenta ya Kilatini ilikuwa shayiri iliyolowekwa, ikakaushwa, ikakaangwa na kusagwa. Mahindi yalipofika kaskazini mwa Italia yaliingia kwenye chungu cha shayiri na kurithi jina lake.

Kati ya hayo mawili mimi huchagua polenta, na sababu yangu ni Apuleius. Huyu alikuwa Mwafrika wa Madauros, katika Algeria ya leo, na riwaya yake ya karne ya 2 ina mahali ambapo msimulizi anasimulia jinsi alivyoponea chupuchupu mezani. Alikuwa anashindana na wenzake kula polenta iliyochanganywa na jibini, akamega tonge kubwa kupita kiasi, likamnata kooni, likamziba pumzi, almanusura afe. Na tonge lenyewe analiita offula, ambalo ni umbo la kudogosha la offa. Basi tonge la ugali tumelipata bila kubuni herufi hata moja: offa polentae. Ukitaka kuondoa utata kwamba ni la mahindi, ongeza maizii. Mtu aliyewahi kukabwa na tonge la moto mbele ya wageni atajua kwamba Apuleius alikuwa anazungumzia chakula chetu, nafaka iwe ipi.

Viazi mviringo, au mbatata kama wasemavyo Zanzibar, ndivyo vilivyonisumbua kuliko vyote, kwa sababu kila mlango una mtu nyuma yake.

Mlango wa kwanza ni kufuata Wafaransa, wanaoviita matunda ya ardhini: malum terrae. Unafungua Plinius na unakuta kwamba malum terrae ni jina ambalo Warumi waliupa mmea wa aristolochia, dawa na sumu kwa pamoja. Plinius anasimulia alichokishuhudia kwa macho yake: wavuvi wa Campania walikuwa wakiuponda mzizi wake wa mviringo, wakauchanganya na chokaa na kuumwaga baharini, samaki wakaukimbilia kwa uroho wa ajabu, na papo hapo wakaelea wamekufa. Wavuvi hao waliuita venenum terrae, sumu ya ardhi. Yeyote aliyeona utupa ukitumika mtoni anaijua kazi hiyo. Kuagiza sahani ya malum terrae ya kukaanga, basi, ni kujitakia.

Mlango wa pili ni jina la kisayansi. Caspar Bauhin wa Basel alivibatiza viazi Solanum tuberosum mwaka 1596, na Linnaeus akalipitisha. Hapa kuna kosa linalofanywa sana, la kudhani kwamba jina la kisayansi ndilo Kilatini chenyewe. Mara nyingi ni Kilatini cha kuazima vazi tu. Solanum ya daktari Celsus, karne ya 1, ni mmea ambao Wagiriki waliuita strychnos, yaani jamaa ya mnavu wetu. Ukimwambia Mrumi solana, anaona majani na vitunda vidogo vyeusi, kiazi hakimo. Sayansi ililipanua neno likabeba ukoo mzima, wenye mnavu, viazi, nyanya na biringani, na kwa kazi ya sayansi hakuna ubaya. Ila mezani huwezi kuomba ukoo.

Mlango wa tatu ni papas. Carolus Clusius, bingwa wa mimea aliyepokea viazi huko Vienna mwaka 1588, aliviandika mwaka 1601 kwa jina hilo la Kiperu. Ni jina la wenyewe, hilo nakubali. Lakini papa kwa Kilatini ni Baba Mtakatifu, na papae frixae, ukisema katika ukumbi wenye makasisi, wamekaangwa watu. Kwetu nako wangedhani ni samaki.

Limebaki patata, neno lililozaliwa kwa kuchanganya papa na batata. Batata kwa asili ni kiazi kitamu, tena Linnaeus alikiweka hivyo, na leo ni Ipomoea batatas. Ushauri wangu ni patata kwa kiazi mviringo, batata kwa kiazi kitamu, na pomum terrestre kwa anayetaka kuonekana msomi. Hilo la mwisho linakubalika kwa wengi. Lina harufu ya Kifaransa, lakini halina sumu ndani yake.

Nyanya na pilipili nitazipitia haraka. Nyanya kisayansi ni Solanum lycopersicum, "pichi ya mbwa-mwitu", neno ambalo wasomi wa karne ya 16 walilifukua kwa Galenus, daktari Mgiriki aliyelitumia kwa mmea fulani wa Misri. Wengine wa zama hizo waliiita malum aureum, tunda la dhahabu, au pomum amoris, tunda la mapenzi. Lycopersicum ndilo lililoshika leo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa analitumia kwa chakula kingine, halina ugomvi. Pilipili kali iliitwa zamani piper Indicum, jina la hasara kwa sababu piper halisi, pilipili manga, ndiyo hasa iliyotoka India. Plinius alilalamika kwamba biashara ya India inakomba sesterti milioni 50 kila mwaka, na anatupa bei: dinari 4 kwa ratili ya pilipili manga nyeusi, 7 kwa nyeupe. Ukiita kitu piper Indicum mbele yake atashika mfuko. Tumia capsicum.

Mchele ni mfano wa namna nyingine: neno lipo, chakula ni kile kile, lakini nafasi yake katika maisha ni tofauti. Oryza ni mchele bila shaka. Tatizo ni kwamba Mrumi hakula wali mchana. Aliuona mchele kama kitu cha duka la dawa. Horatius ana kisa cha bahili mmoja, Opimius, aliyekuwa anakata roho kwa kujinyima chakula. Daktari anampa uji wa mchele. "Umenunuliwa bei gani?" anauliza mgonjwa. "Kidogo tu." "Kiasi gani?" "Sarafu nane za asi." "Ole wangu! Kuna tofauti gani nikifa kwa ugonjwa au kwa wizi na uporaji?" Sukari ilikuwa hivyo hivyo: Plinius anaiita saccharon, asali inayokusanywa kwenye matete, nyeupe, inayovunjika kwa meno, na anaongeza kuwa ni ya dawa tu. Wakati huo huo pwani yetu ya kaskazini mambo yalikuwa mengine. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na unaotaja bandari ya Rhapta kusini kabisa, unasema majahazi kutoka India yalileta ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na ile asali ya matete iitwayo sakchari kwenye masoko ya upande wa Somalia. Bidhaa iliyofika Roma kwa vijiko iliingia huko kama shehena.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna upungufu mwingine: oryza moja inabeba mpunga, mchele na wali. Hakuna dawa ila kuongeza kivumishi. Mpunga utakuwa oryza na maelezo ya shambani, wali ni oryza elixa, mchele uliochemshwa, na pilau unaweza kuiita oryza cum aromatibus cocta. Ni ndefu, lakini na pilau yenyewe haipikwi kwa dakika mbili.

Vinywaji ndivyo vinavyoonyesha jinsi neno jipya linavyoingia bila kelele. Mwishoni mwa karne ya 16 daktari wa Padua, Prospero Alpini, alikaa Cairo akimtibu balozi mdogo wa Venezia. Aliona mti katika bustani ya Mturuki mmoja, na mwaka 1592 akauandika kwa Kilatini: mbegu zake zinaitwa bon, na kinywaji kinachotengenezwa nazo caova. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri hapo. Ni buni na kahawa, kutoka Kiarabu kile kile. Mwaka 1671 Mmaroni (Mkristo wa kanisa la Lebanon) aliyefundisha Roma, Faustus Naironus, alitoa kijitabu kizima cha Kilatini juu ya kinywaji "kiitwacho cahue au cafe". Wote wawili hawakukaa kutafuta Cicero angesemaje. Walisikia neno, wakaliandika. Baadaye likapata mwisho wa kueleweka, caffeum kwa wengine na cafea kwa wengine.

Na huo mwisho si urembo. Nomino ya Kilatini hubadilika mkia kulingana na kazi yake katika sentensi, kwa hiyo neno lisilokubali mkia linakwamisha sentensi nzima. Caffeum mihi placet, kahawa inanipendeza. Da mihi pocillum caffei, nipe kikombe cha kahawa. Sine caffeo vivere non possum, bila kahawa siwezi kuishi. Neno kama kahawa likiachwa uchi katikati ya sentensi hizo, msikilizaji hajui nani kamfanya nani nini. Ndiyo maana kukopa katika Kilatini ni kukopa na kulipangia neno ngeli yake papo hapo, jambo ambalo sisi tunalifanya kila siku na vitabu, vioski na madereva.

Chokoleti iliingia kwa mlango wa dini. Watu walikuwa wanaikunywa wakati wa mfungo, wakaulizana kama inafunguza. Mwaka 1664 kardinali Francesco Maria Brancaccio alichapisha Roma hoja ndefu ya Kilatini juu ya chokoleti ya kunywa, na upande wake ulikuwa wa unafuu: chenye kumiminika hakivunji mfungo, liquidum non frangit ieiunium. Huwezi kutoa hukumu juu ya kitu ambacho hukiiti kwa jina, kwa hiyo neno likahitajika haraka, na chocolata ikakaa. Sheria ya kanisa iliamua msamiati kuliko kamusi. Chai ilipita njia mbili, kama ilivyopita duniani kote: Wajesuiti wa China waliandika cia, Waholanzi na Linnaeus wakaleta thea. Thea imeshinda, ingawa sikio langu la Kiswahili linapenda ile nyingine.

Si wote waliokubali kukopa. Kuna kambi inayosema Kilatini kinajitosheleza, na kipya kielezwe kwa maneno ya zamani. Ngome yake ni Vatikani. Kardinali Antonio Bacci alitunga kamusi ya maneno magumu kuyatia Kilatini katika miaka ya 1940, na taasisi ya Latinitas, iliyoanzishwa na Papa Paulo VI mwaka 1976, ikatoa kamusi ya maneno mapya kwa juzuu mbili, 1992 na 1997. Humo bisi ni maizae grana tosta, punje za mahindi zilizokaangwa. Mkate wa soseji ni pastillum botello fartum. Vodka ni valida potio Slavica, kinywaji kikali cha Waslavi. Halafu unageuza ukurasa unakuta wiski ni vischium, mkopo mtupu. Nani alimwonea huruma Mskoti akamnyima Mrusi?

Kwa mtu wetu aliyeshuhudia ngamizi na tarakilishi zikipambana na kompyuta, ubishi huu haumshangazi. Maelezo marefu yanafaa mara ya kwanza, unapomweleza mtu asiyekijua kitu. Mara ya pili yanachosha, na mara ya tatu mhudumu ameshaondoka. Tena maelezo yana hatari ya kudai zaidi au pungufu: kuna vinywaji vingapi vikali vya Waslavi?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni pitsa. Kamusi hiyo ya Vatikani inaiita placenta compressa. Placenta ni neno la kale na heshima yake. Cato, mkulima na mwanasiasa wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ametuachia kanuni ya kuipika. Unatandaza tabaka za unga, kati yake unapaka jibini la kondoo, ratili 14, na asali ratili nne na nusu, unaiweka juu ya majani ya mbei yaliyopakwa mafuta, unaoka. Ni keki tamu ya tabaka, haina uhusiano na pitsa zaidi ya jibini. Na mwaka 1559 mwanaanatomia Realdo Colombo akalichukua neno hilo kuitia kondo la nyuma, kwa kuwa liko bapa na la mviringo kama keki. Tangu hapo, mbele ya muuguzi yeyote wa wodi ya wazazi, kuagiza placenta iliyokandamizwa ni jambo la kufikiria mara mbili. Pitza, pitzae, tumalize.

Cato huyo huyo anatufaa zaidi kwingine. Anaeleza vitu viitwavyo globi: unachanganya jibini na nafaka iliyopondwa, unatengeneza madonge, unayatumbukiza kwenye mafuta ya moto moja moja au mawili mawili, unayageuza kila mara kwa vijiti viwili, ukiyatoa unayapaka asali na kunyunyizia mbegu za mpopi. Ondoa jibini, weka hamira, na ufuta badala ya mpopi, na hizo ni kaimati. Anayetafuta neno la kaimati asiende mbali.

Kuna na mkasa wa ndege. Warumi walimjua kanga, wakamwita gallina Africana, kuku wa Afrika, au kwa jina la Kigiriki meleagris. Bata mzinga alipoletwa kutoka Amerika watu walimchanganya na kanga, na Linnaeus mwaka 1758 akamalizia kwa kumpa bata mzinga jina Meleagris gallopavo. Ni mkasa wa kunde tena, safari hii kwa manyoya. Kwa bahati nzuri gallopavus linatosha kwa bata mzinga, na kanga anaweza kurudishiwa Uafrika wake.

Nyama nyingine hazina shida kwa sababu Kilatini kina mtindo wake: unachukua mnyama, unamfanya kivumishi, na neno caro, nyama, linabaki kimya. Bubula ni ya ng'ombe, caprina ya mbuzi, vervecina ya kondoo dume aliyehasiwa, suilla ya nguruwe, gallinacea ya kuku. Kisha unaongeza namna ilivyopikwa, na hapa utajiri ni wa kutosha: elixa imechemshwa, frixa imekaangwa, assa imechomwa au kuokwa. Wavu wa kuchomea ni craticula. Katika karamu ya Trimalchio, tajiri mpya wa riwaya ya Petronius, soseji zinaletwa zikiwa bado zinachemka juu ya craticula ya fedha. Nyama choma ya mbuzi, basi, ni caprina in craticula assa, na chipsi ni patatae frixae.

Kachumbari nayo ina jina tangu enzi za Plinius. Mboga mbichi za bustanini zilizotiwa siki waliziita acetaria, na anaeleza kwa nini watu wa zamani walizipenda: hazihitaji moto, zinaokoa kuni, na ziko tayari wakati wowote. Weka acetaria e caepis et lycopersicis pembeni ya ile caprina, na pilipili ikiwa kali sana mwite mhudumu, useme capsici nimis.